Innokenty Smoktunovsky: Mateka wa vita aliyegeuka Hamlet wa Urusi

WAPENZI wa Shakespeare wanapoulizwa ni nani aliyemwigiza Hamlet vyema zaidi katika filamu, wengi wao humtaja Mwingereza Laurence Olivier, ambaye filamu yake ilitoka mwaka 1948. Lakini wapo wanaotikisa kichwa na kulitaja jina jingine, gumu kidogo kutamkwa, la mwana wa wakulima kutoka Siberia ambaye hakuwa na shahada yoyote ya uigizaji. Huyo ni Innokenty Mikhailovich Smoktunovsky.

Filamu yake ya Hamlet ilipoonyeshwa mwaka 1964, Smoktunovsky alikuwa na umri wa miaka 39. Miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amefichwa nyumbani mwa mwanamke mzee nchini Ukraine, akiwa ametoroka mikononi mwa Wajerumani waliomteka. Na kwa zaidi ya mwongo mmoja baada ya vita kumalizika, aliishi kwa hofu kwamba siku yoyote angekuja kukamatwa, si na adui, bali na serikali ile ile aliyoipigania.

Habari hizo hazikutangazwa kwenye mabango ya sinema wakati huo. Hata hivyo, ni vigumu kuielewa kazi ya mwigizaji huyu bila ya kuzijua. Mwanamfalme anayewekewa wapelelezi katika kila pembe ya kasri, naye akalazimika kuyaficha mawazo yake ili aendelee kuishi, hakuwa mtu mgeni kwake.

VIAZI VILIVYOMPONZA

Smoktunovsky alizaliwa Machi 28, 1925 katika kijiji cha Tatyanovka, eneo la Tomsk huko Siberia. Jina la ukoo lilikuwa Smoktunovich. Hili analojulikana nalo alilichukua baadaye. Wazazi wake walikuwa watu wa mashamba, na miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki kwa watu wa mashamba kote katika Muungano wa Sovieti. Wakulima walilazimishwa kuingia katika mashamba ya pamoja, nafaka zikachukuliwa na serikali, na njaa ikaingia. Familia ilihamia mji wa Krasnoyarsk ulio kando ya mto Yenisei, na huko mtoto Innokenty akalelewa na shangazi yake.

Shuleni alijiunga na kikundi cha maigizo. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mara ya kwanza kupanda jukwaani, katika tamthilia fupi ya Anton Chekhov, alishikwa na kicheko asiweze kujizuia, akafukuzwa kikundini. Msomaji ataona kwamba Chekhov huyo huyo alikuja kumpa baadhi ya nyusika zake bora zaidi, lakini hayo yalikuwa mbali sana.

Vita vilipoanza mwaka 1941 baba yake alikwenda mstari wa mbele, akauawa mwaka uliofuata. Kijana alisomea kazi ya usaidizi wa daktari, kisha akajifunza kuendesha mitambo ya kuonyesha filamu. Mapema mwaka 1943 aliitwa jeshini na kupelekwa katika chuo cha kufunza maofisa wa askari wa miguu. Laiti angemaliza masomo, angekwenda vitani akiwa na nyota mabegani. Lakini alikamatwa akiokota viazi vilivyoachwa shambani baada ya mavuno, wakati alipotakiwa kuwa mazoezini. Alifukuzwa chuoni na kupelekwa mstari wa mbele akiwa askari wa kawaida.

Alifika huko wakati wa mapigano makali ya Kursk, kisha akashiriki kuvuka mto Dnieper na kukombolewa kwa mji wa Kiev. Alitunukiwa Medali ya Ujasiri kwa kupeleka nyaraka ng'ambo ya mto huku risasi zikimiminika. Nishani hiyo haikumfikia wakati huo. Alikuja kuvishwa baada ya karibu nusu karne, akiwa mzee mwenye sifa tele, jukwaani katika ukumbi wa maigizo jijini Moscow.

Desemba 1943 alitekwa na Wajerumani karibu na mji wa Zhitomir. Alikaa katika kambi za mateka kwa takriban mwezi mmoja, akishuhudia wenzake wakifa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwanzoni mwa Januari 1944, mateka walipokuwa wakiswagwa kwa miguu kuelekea magharibi, alichupa pembeni na kujificha chini ya daraja. Alijikokota hadi mlango wa nyumba moja katika kijiji kilicho karibu na Shepetovka. Mwanamke mzee wa Kiukraini alimfungulia, akamlisha na kumficha, ingawa alijua fika kwamba Wajerumani wangemkuta, yeye na watu wa nyumba yake wangeuawa.

Alipopata nguvu alijiunga na wapiganaji wa msituni, na kutoka huko akarudi katika jeshi la kawaida. Alipigana hadi Poland, akashiriki ukombozi wa Warsaw na kumaliza vita akiwa Ujerumani, kifuani akiwa na Medali ya Ujasiri ya pili.

KUJIFICHA KASKAZINI

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Kwa mujibu wa amri nambari 270 iliyotolewa na Stalin mwezi Agosti 1941, askari aliyejisalimisha kwa adui alihesabiwa kuwa msaliti. Mateka waliorejea nyumbani walihojiwa na maafisa wa usalama. Wengine walisukumwa moja kwa moja hadi kambi za kazi ngumu, na wengine wakazuiwa kuishi katika miji mikubwa. Kwamba mtu alitoroka na kurudi kupigana hakukumwondolea doa hilo.

Smoktunovsky alirudi Krasnoyarsk, akaingia katika darasa la waigizaji kwenye jumba la maigizo la mji huo. Hakukaa sana. Mwaka 1946 aliamua kwenda Norilsk, mji wa migodi ulio kaskazini kabisa mwa Siberia, ndani ya eneo la ncha ya dunia, mahali ambapo jua halichomozi kwa wiki kadhaa katika majira ya baridi. Norilsk ilijengwa kwa jasho la wafungwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi lakini ya kuogofya: kama watu wa usalama wangetaka kumpeleka uhamishoni, wangempeleka wapi mbali zaidi ya hapo? Afadhali ajipeleke mwenyewe.

Huko kulikuwa na jumba la maigizo, na katika jumba hilo walikuwemo wasanii waliofungwa au kuhamishwa kwa sababu za kisiasa. Mmoja wao ni Georgy Zhzhonov, mwigizaji wa filamu aliyekuwa ameonja kambi za Kolyma. Inasikitisha kusema, lakini huenda hiyo ndiyo iliyokuwa shule bora zaidi ya uigizaji ambayo kijana huyo angeipata. Huko Norilsk ndiko pia alikobadilisha jina la ukoo likawa Smoktunovsky.

Baridi na ukosefu wa mboga vilimletea ugonjwa wa kiseyeye, na baada ya takriban miaka minne ilimbidi aondoke. Alifanya kazi Makhachkala, kando ya Bahari ya Kaspi, kisha katika mji wa Stalingrad. Zilikuwa nyusika nyingi zilizokaririwa haraka haraka, mishahara midogo na watazamaji wachache. Stalin alifariki Machi 1953. Mapema mwaka 1955, Smoktunovsky alifunga virago na kuelekea Moscow akitafuta mtu yeyote ambaye angemtazama.

Hakuna aliyemtaka. Alibisha milango ya majumba ya maigizo mmoja baada ya mwingine, akaambiwa hana nafasi. Aliwahi kulala kwenye ngazi za majumba ya watu. Katikati ya joto la kiangazi alionekana mitaani akiwa amevalia nguo za kutelezea kwenye theluji, maana hakuwa na nyingine. Katika jumba moja alikopewa vibarua vidogo vidogo alikutana na Shulamith Kushnir, aliyefanya kazi katika idara ya mavazi. Walioana, na ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake. Wanaomjua Smoktunovsky wanakubaliana kwamba bila ya mke huyo, habari yake ingeishia kwenye ngazi zile.

MTU ALIYESOMA KATIKATI YA UMATI

Mwelekezi wa filamu Mikhail Romm alimpa sehemu ndogo katika filamu iliyotoka mwaka 1956. Siku ya kupiga picha Smoktunovsky aliingiwa na kiwewe, akasahau maneno, na picha ikarudiwa tena na tena huku mafundi wakinong'ona kwamba afadhali atafutwe mwingine. Romm alikataa. Alimtuliza na kusubiri. Kuna waelekezi wengi hodari duniani, lakini wenye subira ya aina hiyo si wengi.

Mwaka huo huo ilitoka filamu nyingine kuhusu vita vya Stalingrad, iliyotokana na kitabu cha Viktor Nekrasov. Humo Smoktunovsky alimwigiza Luteni Farber, msomi mpole mwenye miwani ambaye hakuumbiwa vita. Jijini Leningrad, Georgy Tovstonogov, mkuu wa Jumba Kuu la Maigizo la mji huo, aliitazama na kuyakumbuka macho ya luteni yule.

Wakati huo Tovstonogov alikuwa akitayarisha mchezo uliotokana na riwaya ya Fyodor Dostoevsky iitwayo Idiot. Mhusika mkuu, Mwanamfalme Myshkin, ni mtu mwema kupita kiasi, asiyejua hila, ambaye walimwengu humwona mpumbavu. Ni uhusika unaoweza kumwaibisha mwigizaji yeyote, kwa kuwa wema mtupu jukwaani huchosha upesi. Aidha, Dostoevsky hakupendwa na wakuu wa enzi za Stalin, na kwa miaka mingi kazi zake zilikuwa zimewekwa kando.

Mazoezi yalikuwa mateso. Smoktunovsky hakusikika akizungumza, alitembea ovyo, na wenzake wazoefu walianza kumdharau waziwazi. Aliomba aachiliwe aende zake, mwelekezi akakataa. Baadaye alisimulia jinsi alivyoupata ufunguo wa uhusika huo. Siku moja, katikati ya msongamano wa watu, alimwona mtu amesimama akisoma kitabu, ametulia kabisa, kana kwamba kelele zile zote hazimhusu. Alikuja kuelezwa kwamba mtu huyo alikuwa amekaa miaka mingi katika kambi za wafungwa. Smoktunovsky aliuchukua utulivu ule, ile namna ya kusimama ya mtu ambaye hana tena cha kunyang'anywa, akaupeleka jukwaani.

Mchezo ulizinduliwa Desemba 31, 1957. Watu walisafiri kutoka Moscow kuja kuutazama, na tiketi zikawa adimu. Mwigizaji aliyekuwa akifukuzwa milangoni miaka miwili awali alikuwa sasa gumzo la nchi nzima. Yafaa kukumbuka pia majira yenyewe. Mwaka 1956 Nikita Khrushchev alikuwa ameufichua unyama wa Stalin katika hotuba yake kwa chama, na maelfu ya wafungwa walikuwa wakirejea makwao, wamekonda, wakizungumza kwa sauti ya chini. Watazamaji wa Leningrad walimwona Myshkin akirudi kutoka mbali na kuingia katika jamii iliyojaa ulaghai, nao hawakuhitaji kuelezwa wanamtazama nani.

Mwaka 1960 aliliacha jumba hilo kwa sababu ya filamu, ingawa alirudi kwa muda mwaka 1966 wakati mchezo huo ulipopelekwa London na Paris. Katika filamu ya Romm ya mwaka 1962 kuhusu wanasayansi wa nyuklia, Siku Tisa za Mwaka Mmoja, aliigiza mwanafizikia mwenye kejeli na mzaha, kinyume kabisa cha Myshkin. Filamu hiyo ilinyakua tuzo kuu katika tamasha la Karlovy Vary, nchini Czechoslovakia.

DARAJA LINAPOINULIWA

Grigori Kozintsev alikuwa ameifikiria Hamlet kwa miaka mingi. Aliwahi kuielekeza jukwaani mjini Leningrad mwaka 1954, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Stalin. Filamu yake aliitengeneza kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, na sehemu yake ikapigwa katika ngome kongwe ya Ivangorod iliyo mpakani mwa Urusi na Estonia. Muziki ulitungwa na Dmitri Shostakovich. Maneno yalikuwa tafsiri ya Boris Pasternak, mshairi aliyelazimishwa kuikataa Tuzo ya Nobeli mwaka 1958 na kufariki miaka miwili baadaye akiwa amesimangwa na kila gazeti la serikali.

Msomaji wa Kiswahili anaelewa maana ya Shakespeare kupata mfasiri ambaye mwenyewe ni bingwa wa lugha. Mwalimu Julius Nyerere alitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tafsiri ya Pasternak ilizungumza Kirusi cha watu, si cha vitabuni, na ilimfaa sana mwigizaji asiyependa kupaza sauti.

Mwanzoni mwa filamu Hamlet anakuja mbio juu ya farasi, anaingia ngomeni, na nyuma yake daraja zito linainuliwa polepole. Lango la chuma linashuka. Hakuna aliyesema neno, lakini mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba hapa ni gerezani. Kozintsev hakuijaza filamu mizimu na giza la kutisha. Alionyesha serikali ikifanya kazi: amri zikisomwa hadharani, mabalozi wakipokewa, wakuu wakitabasamu na masikio yakiwa nyuma ya kila pazia. Ophelia, aliyeigizwa na Anastasiya Vertinskaya, anavalishwa nguo za msiba juu ya fremu ya chuma inayombana kifua, kama ndege anayetiwa kizimbani.

Ndani ya mashine hiyo anatembea Smoktunovsky, mwembamba, mwenye nywele zilizopauka, akitazama. Hamlet wa Olivier ni mtu ambaye hawezi kuamua. Huyu wa Smoktunovsky ameshaamua mapema sana. Shida yake ni kwamba anachungwa. Katika usemi maarufu anaojiuliza kama maisha yafaa kuishiwa, midomo yake haifunguki. Anatembea ufuoni kando ya mawe na mawimbi, na sisi tunayasikia mawazo yake tu. Watu wengi wamelisifu jambo hilo kama ubunifu wa kisinema. Kwa mwandishi wa makala haya, ni zaidi ya ubunifu. Katika nchi ambamo neno lililoponyoka lingeweza kumpeleka mtu Norilsk, hivyo ndivyo watu walivyofikiri: midomo imefungwa.

Kisha kuna ile sehemu ya filimbi, Hamlet anapowageukia marafiki wa utotoni waliotumwa kumpeleleza na kuwauliza kama wanaweza kuipuliza. Waigizaji wengi huifanya kwa hasira. Smoktunovsky anaianza kwa upole, karibu kwa huruma, na hasira inapopanda, inapanda kwa ghafla kiasi cha kumshtua mtazamaji. Ni sauti ya mtu aliyewahi kuketi mbele ya wachunguzi, akajibu maswali yao kwa adabu.

Si kwamba kazi ilikwenda bila mikwaruzo. Mwigizaji na mwelekezi walitofautiana mara nyingi, na Smoktunovsky hakuridhika kikamilifu na matokeo. Hata hivyo filamu ilipata tuzo maalumu ya waamuzi katika tamasha la Venice mwaka 1964, mwaka ulioadhimisha miaka 400 ya kuzaliwa kwa Shakespeare, na mwaka 1965 wawili hao walipewa Tuzo ya Lenin, miongoni mwa heshima za juu kabisa nchini humo. Serikali ilimvisha nishani mtu yule yule ambaye mwongo mmoja awali alikuwa akiikwepa.

MWIZI MWENYE MOYO SAFI

Wananchi wa kawaida, hata hivyo, walimpenda zaidi kwa kichekesho. Mwaka 1966 Eldar Ryazanov alitoa filamu iitwayo Jihadhari na Gari, ambamo Smoktunovsky ni Yuri Detochkin, wakala wa bima mwenye haya. Detochkin ana tabia moja ya ajabu: anaiba magari. Lakini haibi gari la kila mtu. Anachunguza kwanza, na kuiba tu magari ya wala rushwa na walanguzi, ambao mshahara wao haungeweza kuyanunua. Akishaliuza gari, anaondoa gharama zake za safari, anazihesabu kwa uaminifu hadi senti ya mwisho, na zilizobaki anazituma kwa makao ya watoto mayatima.

Wasomaji wetu hawatakosa kuona kwa nini kisa hiki kingechekesha hata mbali na Moscow. Ni nani asiyemjua bwana mwenye kazi ndogo na gari kubwa?

Wakuu wa sinema walisita. Mwizi anawezaje kuwa shujaa? Ryazanov na mwandishi mwenzake Emil Braginsky walilazimika kwanza kukichapisha kisa hicho kama hadithi, kabla ya kuruhusiwa kukitia kwenye filamu. Smoktunovsky naye alikataa uhusika huo mwanzoni, na mwelekezi ikabidi amfuate hadi nyumbani kumbembeleza.

Uzuri wa filamu uko katika mzaha mmoja. Detochkin na mpelelezi anayemwinda, aliyeigizwa na Oleg Yefremov, wote wawili ni wanachama wa kikundi kimoja cha maigizo ya ridhaa, na mchezo wanaoufanyia mazoezi ni Hamlet! Mwizi ndiye Hamlet. Polisi ni Laertes. Ni wasanii wachache walio tayari kukikejeli kilele cha sifa zao miaka miwili tu baada ya kukifikia. Smoktunovsky alivaa tena vazi jeusi la mwanamfalme, safari hii akiwa karani anayejaribu kuigiza, naye akaigiza vizuri kiasi kwamba kicheko kinakatika kooni.

NAMNA ALIVYOIGIZA

Ukiulizwa nini hasa kilichomtofautisha, huna budi kuanza na sauti. Ilikuwa nyepesi, ya juu kidogo, yenye kupanda na kushuka mahali usipotarajia. Angeanza sentensi, akaikatiza katikati kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akaimalizia kwa kunong'ona. Wengine walimwona ana madaha, na katika filamu zake dhaifu lawama hiyo ina ukweli. Ni sauti hiyo hiyo ambayo Andrei Tarkovsky aliitumia katika filamu yake Kioo ya mwaka 1975: mhusika mkuu haonekani uso, anasikika tu, na anayesikika ni Smoktunovsky.

Jambo la pili ni kwamba hakumwaga kila kitu. Hata anapokuwa mwema, kuna chumba ndani yake ambacho mtazamaji haruhusiwi kuingia. Ndiyo maana aliweza kuigiza mtakatifu na mhalifu kwa uso ule ule. Katika filamu ya mwaka 1962 alimwigiza Mozart anayepewa sumu na Salieri, katika kisa cha Pushkin. Mwaka 1979, katika kisa hicho hicho kwenye runinga, akawa Salieri mwenyewe.

Mwaka 1970 pekee zilitoka filamu tatu ambazo kila mojawapo ingetosha kumjengea mtu jina. Alikuwa mtunzi wa muziki Tchaikovsky katika filamu ya Igor Talankin iliyompa tuzo ya mwigizaji bora huko San Sebastian, Uhispania. Alikuwa Porfiry, mpelelezi mjanja wa Dostoevsky katika Uhalifu na Adhabu. Hapa ndiye anayehoji, na anahoji kwa tabasamu. Na alikuwa Mjomba Vanya katika filamu ya Andrei Konchalovsky, mwanamume wa makamo anayegundua kwamba maisha yake yamepotea kwa kumtumikia asiyestahili.

Nyingine nyingi hazikustahili kipaji chake. Alikubali kazi kwa ajili ya fedha na wala hakuficha; alikuwa na familia ya kulisha, na mtu aliyewahi kulala kwenye ngazi hasahau.

JUKWAANI TENA

Mwaka 1974 alipewa hadhi ya Msanii wa Umma wa Muungano wa Sovieti. Kabla ya hapo, mwaka 1973, alimwigiza Mfalme Fyodor katika Jumba la Maly jijini Moscow, mtawala mpole asiyeiweza dola aliyorithi. Mwaka 1976 Oleg Yefremov, yule mpelelezi wa Jihadhari na Gari, ambaye sasa alikuwa akiliongoza Jumba la Sanaa la Moscow lililoasisiwa na Stanislavsky, alimkaribisha kuigiza Ivanov wa Chekhov. Alibaki hapo hadi mwisho wa maisha yake. Akamwigiza Daktari Dorn katika tamthilia ya Chekhov kuhusu ndege wa baharini, na mwaka 1985 akamrudia Vanya, safari hii jukwaani.

Wakosoaji wengi wanautaja pia uhusika wa Iudushka Golovlyov, mnafiki anayewaangamiza jamaa zake huku akitaja jina la Mungu, alioufanya mwaka 1984 chini ya mwelekezi Lev Dodin. Myshkin na Iudushka: ni vigumu kupata watu wawili walio mbali zaidi, na wote wawili walitoka katika mwili mmoja.

Muungano wa Sovieti ulivunjika mwaka 1991. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Smoktunovsky alikuwa ameigiza mzee wa Kiyahudi katika Fundi wa Nguo za Kike, filamu inayoonyesha usiku wa mwisho wa familia moja ya Kiev kabla ya mauaji ya Babi Yar ya mwaka 1941. Ukraine, Wajerumani, watu wanaosubiri kuswagwa: aliyajua mambo hayo bila ya kuhitaji kuyasoma. Mnamo 1992 yeye na Yefremov walipanda jukwaani pamoja, yeye akiwa Bach na mwenzake akiwa Handel, katika mchezo unaobuni mkutano wa watunzi hao wawili ambao kwa kweli hawakuwahi kuonana.

Alifariki Agosti 3, 1994 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 69, katika kituo cha mapumziko karibu na Moscow. Mojawapo ya filamu zake za mwisho ilihusu mzee anayeukaribia mwisho wa maisha. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy jijini Moscow, alikozikwa pia Chekhov. Sayari ndogo nambari 4926 inaitwa kwa jina lake, lile alilojichagulia huko Norilsk. Jihadhari na Gari imewekwa na kampuni ya Mosfilm kwenye YouTube, ambako anayetaka anaweza kuitazama bila malipo.